Fizikia, Takwimu na Macho ya Baba

Nilipomaliza kidato cha sita nilikuwa na hakika ya jambo moja, kwamba fizikia haina labda. Jiwe ukiliachia litaanguka, na ukijua limeachiwa kutoka wapi utajua litafika chini baada ya muda gani, na jiwe halitauliza kama wewe ni mtoto wa waziri au wa mkulima wa mihogo wa Zinga. Mimi ni mtoto wa mkulima wa mihogo wa Zinga. Ndiyo maana nililipenda somo lile. Lilikuwa mahali pekee ambapo nikiwa sahihi, nilikuwa sahihi, basi, na hakuna mkubwa aliyeweza kunizima kwa kunikazia macho.

Takwimu niliijaza kwenye maombi ya chuo kwa sababu ya mjomba. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana duka pale barabara kuu, na mtu akienda kununua nusu kilo ya sukari ataondoka na sukari pamoja na ushauri. Makarani wa sensa walipopita na vishikwambi vyao aliwatazama kwa wivu mkubwa. Akaona hiyo ndiyo kazi ya watu wenye akili: unafika barazani kwa watu, unaletewa kiti kivulini, unauliza maswali ambayo mtu mwingine akiyauliza atafukuzwa, halafu serikali inakulipa.

"Fizikia utaila, mjomba?" akaniuliza siku ile nilipokuwa nikijaza maombi kwenye simu, nimekaa juu ya kreti ya soda dukani kwake. "Utakuwa mwalimu tu. Jaza takwimu."

Nilitaka kumwambia kwamba takwimu nayo hailiki, na kwamba ualimu si ugonjwa. Lakini mjomba ni mjomba, na soda niliyokuwa nainywa ilikuwa yake. Nikajaza.

Vyuo vyote viwili vikanichagua. Kimoja Dar, shahada ya fizikia. Kingine Dodoma, shahada ya takwimu. Utaratibu ni kwamba aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu, akathibitisha anakokwenda, na siku za kuthibitisha si nyingi. Kijana mwingine angethibitisha fizikia siku ile ile. Mimi pia nilidhani nitafanya hivyo. Lakini kila nilipoifungua simu ule ushauri wa kreti ya soda ulinirudia, na watu wa mtaani nao, kila niliyemwamkia shikamoo, aliitikia marahaba na swali juu yake: kusomea fizikia ili uwe nani? Niliudhika mno na swali lile. Niliudhika zaidi kwa kuwa sikuwa na jibu.

"Njia mbili zilimshinda fisi," mama akasema. "Sali istikhara, mwanangu, ulale. Mola atakuonyesha."

Nikasali istikhara, nikalala. Nikaota nimo jeshini, kule tulikokwenda kwa mujibu wa sheria baada ya mitihani, nimesimama kwenye foleni ya maharage. Nilimweleza mama asubuhi. Akafikiri kidogo, akasema nirudie tena.

Baba hakunichagulia. Nilipomwuliza alijibu, "Huko weye ndiye mwenye macho," akarudi kwenye mihogo yake. Baba si mtu wa maneno, na kusoma kwake kuliishia darasa la saba. Ujumbe ukiingia kwenye simu yake hunipa mimi. "Nisomee, mikono ina udongo," husema. Mkulima kuwa na udongo mikononi si habari, kwa hiyo sikuwahi kuwaza lolote.

Lakini kwa macho baba alikuwa na jina. Msikiti wetu una desturi ya kuutazama mwezi wenyewe. Siku hizi habari za mwezi huja kwa redio na simu kutoka Dar kabla hata hujamaliza kufuturu, na kwa Ramadhani tunafuata hizo kama wengine. Lakini kwa mfungo sita, mwezi wa Maulidi, maalim wetu alitaka tuuone sisi, kama walivyofanya waliotangulia, ndipo tarehe ya Maulidi ya msikiti itangazwe na wageni wa Fukayosi na kwingineko wapelekewe habari. Na mtazamaji alikuwa baba. Kabla yake alikuwa babu. Watu wazima walisimama dukani kwa mjomba baada ya magharibi wakisubiri baba apite aseme ameuona au hakuuona, wakaondoka na neno lake.

Wageni hudhani watu wa pwani tunautazama mwezi baharini. Bahari kwetu iko mashariki. Mwezi mchanga huzama punde baada ya jua, upande wa bara, kwa hiyo sisi huipa bahari mgongo na kwenda uwanja wa mpira wa shule ya msingi, ambao umeinuka kidogo na upande wa magharibi hauna miti ila mkorosho mmoja mkubwa. Baba husimama kwenye goli la chini, peke yake. Nilipokuwa mdogo alinifundisha nisiutazame moja kwa moja, nitazame pembeni yake kidogo. "Mwezi mchanga kama mgeni mwenye haya," alisema. "Ukimkodolea macho haingii ndani." Miaka mingi baadaye mwalimu wa fizikia alitueleza jinsi jicho linavyopokea mwanga hafifu vizuri zaidi kwa pembeni, na mimi nikajisifu darasa zima kwamba hilo nimelijua tangu sijaanza shule.

Wiki ile ya kuthibitisha chuo ndiyo iliyoangukia mwishoni mwa mfungo tano. Tarehe ishirini na tisa ilikuwa siku ya kutazama. Mchana mjomba alikuwa amemtania baba dukani, mbele ya watu: "Shemeji, siku hizi hata mbuzi barabarani humwoni, mwezi utauona? Mwaka huu tukutafutie darubini." Watu wakacheka. Baba naye alitabasamu, kwa kuwa utani wa mashemeji haukatazwi.

Mimi kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimeshaangalia kwenye simu. Mwezi ulikuwa umekutana na jua asubuhi ya siku ile ile. Kufikia magharibi ungekuwa mchanga mno, mwembamba mno, na karibu mno na jua. Ungezama nalo takriban pamoja. Nilipiga hesabu zangu mwenyewe kuhakikisha, nikapata vivyo hivyo. Hakuna jicho la binadamu ambalo lingeuona kutoka Zinga jioni ile. Sikumwambia baba. Niliona haina haja: tungetazama, tusingeuona, tungerudi nyumbani, na kesho yake ungeonekana na kila mtu.

Tukasimama golini. Maalim, mjomba na wazee kadhaa walikuwa katikati ya uwanja. Jua likazama. Mbingu ilikuwa nyekundu chini na njano juu, na kipande cha wingu kilikuwa kimelala juu ya mkorosho.

"Ule pale," baba akasema.

Nilifuata kidole chake. Nikaona wingu.

"Wapi, baba?"

"Pale. Juu ya mkorosho, mkono wa kushoto. Ushaanza kuzama."

Akawaita. Wakaja mbio, kanzu wamezishika mkononi, wakakodoa macho mpaka wekundu ukafifia. Hakuna aliyeona kitu. Maalim akamgeukia baba.

"Umeuona, mzee?"

"Nimeuona."

"Kwa macho yako?"

"Wallahi nimeuona kwa macho yangu."

Maalim hakutangaza. Kwa mwezi ambao wengine hawakuuona yeye alitaka mashahidi wawili, na wote tulilijua hilo. Nikajua swali litakalofuata kabla hajafungua kinywa.

"Na weye kijana ulisimama naye. Uliuona?"

Wote wakanitazama. Baba hakunitazama. Alikuwa bado ameelekea mkorosho. Neno moja tu kutoka kwangu lingeuingiza mwezi, lingetangaza Maulidi, na kumnyamazisha mjomba mwaka mzima. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, tunafundishwa hivyo tangu madrasa, lakini hakuna aliyetufundisha la kufanya msema kweli anapokuwa amesimama karibu na baba yake.

"Sikuuona, maalim."

Maalim ni mtu makini. Alijua nimesoma nini, na mara nyingi alinitania kwa kuniita mwanafalaki wake. "Hukuuona," akasema polepole, "au haukuwepo?"

Simu ilikuwa mfukoni, na jibu nilikuwa nalo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu watu wazima walikuwa wamesimama wakingoja fizikia yangu iseme. Ile nafasi niliyokuwa nikiiota, ya kuwa sahihi mbele yao wote, ilikuwa imefika, na aliyesimama upande wa pili wa hesabu alikuwa baba yangu.

"Mimi sikuuona," nikarudia.

"Haya. Shahidi ni mmoja. Tutakamilisha siku thelathini," maalim akasema, wala hakuniuliza zaidi.

Mjomba akashindwa kujizuia. "Shemeji, labda ilikuwa taa ya bodaboda!" Wakacheka, si kwa ubaya. Baba hakucheka. Tukarudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma.

Nilikuwa na hasira, na nilimwonea baba aibu. Afadhali angesema tu nadhani nimeuona. Lakini aliapa. Huyu ndiye mtu aliyewahi kunishika mkono akanirudisha kwa jirani nikaseme kwamba ni mimi niliyevunja mtungi, si mbuzi wake. Niliingia chumbani, nikarudia hesabu, nikapata yale yale. Basi fizikia iliniachia njia mbili: ama mwezi ulitoka mahali ambapo hauwezi kutoka, ama baba kaapa uongo ili asichekwe dukani. Njia ya kwanza haikuwepo. Nikaishika simu nikitaka kuthibitisha Dar pale pale, niende nikakae na vitu visivyoapa. Mama alipita mlangoni akaniona uso.

"Hasira hasara," akasema. "Njoo ule."

Nikaenda kula. Baba akanisogezea kipande kikubwa cha samaki kama kawaida yake. Hilo nalo likanikasirisha.

Kesho yake tulirudi uwanjani. Hapakuwa na haja, thelathini zilikuwa zimetimia na mwezi ulikuwa umeingia kwa hesabu, lakini ni desturi kuutazama na kuusomea dua. Siku hiyo walikuja wengi, na watoto. Mwezi ulijitokeza mapema, wazi kabisa, juu ya mkorosho, mwembamba na mkali. Hapakuhitajika ufundi. Watoto waliuonyesha kwa vidole wakikatazwa na mama zao wasiuonyeshe kwa vidole.

Kwa heshima maalim hakuanza dua. Hungoja baba aseme. Hata baada ya yaliyotokea jana alimngojea, na mimi nikampenda kwa hilo.

Baba alitazama. Alitazama moja kwa moja, halafu akatazama pembeni, kama alivyonifundisha. Akapangusa macho kwa ncha ya kanzu, akatazama tena. Watu wakaanza kumgeukia.

"Mzee, tusome?" maalim akauliza.

"Someni," baba akasema. "Mie sijauona."

Mjomba akasogea, na safari hii hapakuwa na utani katika sauti yake. "Shemeji, ule pale. Juu ya mkorosho. Hata watoto wanauona."

"Nawasikia. Lakini mie sijauona."

Maalim akasoma dua. Tukaitikia amina. Mimi niliendelea kumtazama baba. Kusema ameuona kusingemgharimu chochote. Kila mtu alikuwa akiuonyesha, kilichobaki ni kuinua kidole upande ule ule na kusema naam. Jina lake la miaka yote lingebaki. Mtu anayeapa uongo ili asichekwe angesema ameuona. Baba alisimama mbele ya Zinga nzima akasema hakuuona mwezi ambao vitoto vinauona, kwa sababu hakuuona. Basi na jana aliposema ameuona, aliuona.

Njiani tulitembea sambamba.

"Jana haukuwepo," baba akasema. Hakuwa akiuliza sana.

"Haukuwepo, baba. Nilijua kabla hatujatoka nyumbani."

"Na maalim alipokuuliza hukusema."

"Pale nilikuwa shahidi, si mwanafalaki."

Akatembea kidogo. "Ulijibu vyema," akasema. Halafu: "Lakini mie niliuona, mwanangu. Hata leo nikirudishwa pale nitaapa."

"Najua, baba."

Na kweli nilijua. Hapo ndipo njia mbili za fizikia ziliponiishia. Mwezi ulikuwa wapi, fizikia ilishanijibu, na jibu lake lilikuwa sahihi. Swali nililobaki nalo lilikuwa jingine: mtu mkweli, mwenye akili timamu, anaonaje kisichokuwepo leo na asione kilichopo kesho, na neno lake tulipime vipi bila kumwita mwongo?

Nilikumbuka kipindi kimoja cha hisabati kidato cha tano, wakati wa ile sura ya takwimu ambayo nilikuwa naisoma nusu macho. Mwalimu alituambia kila mmoja apime urefu wa meza ya mwalimu kwa rula. Tulipima darasa zima meza ile ile na kila mmoja akaja na jibu lake. Akauliza nani kati yetu kadanganya. Tukacheka. "Hakuna aliyedanganya," akasema, "na hakuna aliyepatia sawasawa. Mkimfukuza kila aliyekosea, meza itapimwa na nani?" Wakati ule niliona anapoteza muda. Nisiisingizie fizikia, nayo ina makosa ya vipimo, tulijifunza maabara. Lakini kule nilifundishwa kosa ni vumbi la kupangusa ili ubaki na jibu. Huku kulikuwa na somo ambalo kosa ndilo linalokalishwa kitini na kuulizwa habari zake. Mtu anaweza kukosea ndani ya somo hilo na akabaki mtu mwema.

Asubuhi nikathibitisha takwimu, Dodoma.

Mjomba alipopata habari alinipa soda bila kuombwa, na mpaka leo huwaambia wateja kwamba mpwa wake alimsikiliza. Nimemwachia ushindi wake. Sasa niko mwaka wa pili. Mengi ya tunayosoma ni makavu, na zipo siku napita karibu na vijana wa fizikia wakiwa na vyombo vyao nikahisi nimeacha nyumba yangu kwa watu. Hayo ni kweli na sitayaficha. Lakini siku mhadhiri alipoandika ubaoni mlinganyo wake wa kwanza, na mwishoni, baada ya vyote tunavyovijua, akaongeza herufi moja ndogo na kusema hii ni ya kosa, haitoki, ina nafasi yake humu, niliitazama ile herufi mpaka jirani yangu akaniuliza kama sijaelewa. Macho ya baba yalitazamwa hospitalini baadaye. Ni mtoto wa jicho, na upande mmoja umeshafanyiwa upasuaji. Mwezi siku hizi hutazamwa na watu watatu, yeye akiwa mmoja wao.

Lakini nataka kumalizia pale asubuhi ya kuthibitisha, au tuseme mchana wake. Ujumbe wa chuo ulikuja wakati wa adhuhuri, wa kunipongeza na kunitajia shahada niliyoithibitisha. Baba alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutawadha uani, anashuka kwenye jiwe la kutawadhia. Sikuwa nimemwambia nimechagua nini. Nilitaka aone mwenyewe, kwa hiyo nikampa simu.

Akaishika. Akaiweka mbali, akaileta karibu, akaiweka mbali tena. Maji yalikuwa yakimdondoka viwikoni na mikono ilikuwa safi kabisa, na mimi nilingoja aseme ina udongo.

"Nisomee, mwanangu," akasema, akinirudishia. "Sioni."

Nikamsomea.